Rudolf Diesel: Aliyeipa dunia injini ya kazi akapotelea baharini

JINA lake hutajwa kila siku katika vituo vya mafuta jijini Eldoret, ingawa wengi wanaolitaja hawajui kwamba ni jina la mtu. Mwenye pikapu anayetoka mtaa wa West Indies alfajiri kwenda kuchukua mahindi mashambani huitisha dizeli kana kwamba neno hilo limekuwapo tangu kale, kama vile maji au chumvi.

Neno hilo limetokana na Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1858 na kutoweka baharini usiku wa Septemba 29, 1913, akiwa na umri wa miaka 55.

Historia yake yastahili kusimuliwa upya kwa sababu moja kuu. Ulimwengu humkumbuka kama mvumbuzi aliyebahatika, ilhali miaka mingi ya utu uzima wake aliipitisha akipambana na injini zilizokataa kuwaka, zilizovuja, au zilizorudishwa na wanunuzi wenye hasira. Matatizo hayo ndiyo yale yale yanayowapeleka wenye pikapu kwa mafundi hadi leo.

Mtoto wa wahamiaji

Diesel alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo Machi 18, 1858. Wazazi wake, Theodor na Elise, walikuwa Wajerumani waliohamia huko kutafuta riziki. Baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, kazi ambayo haikumletea utajiri. Mwanawe alimsaidia kwa kuwapelekea wateja bidhaa hizo.

Vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Prussia mwaka wa 1870, Wajerumani waliokuwa Paris walilazimika kuondoka. Familia hiyo ilikimbilia London, Uingereza, ikiwa na mali chache mno. Muda si mrefu, Rudolf, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alitumwa peke yake hadi mji wa Augsburg, Ujerumani, kuishi na jamaa wa babake. Mlezi wake huko, Christoph Barnickel, alikuwa mwalimu wa hisabati.

Upweke haukumvunja moyo. Alipofikisha umri wa miaka 14 alikuwa amekwisha kuwaandikia wazazi wake kuwaarifu kwamba nia yake ni kuwa mhandisi. Mwaka wa 1873 aliongoza darasa lake, na miaka miwili baadaye akapata ufadhili wa kusomea katika chuo cha ufundi cha Munich. Ufadhili huo ulikuwa mkombozi, kwani wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumlipia karo.

Mjini Munich alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu. Katika mihadhara ya mwalimu huyo, Diesel alielezwa jambo ambalo halikumtoka akilini tena: injini za mvuke, zilizokuwa zikiendesha viwanda na treni za wakati huo, zilipoteza takriban asilimia 90 ya nguvu iliyokuwa katika makaa ya mawe. Alijiapiza moyoni kutafuta injini isiyofuja mali kiasi hicho.

Homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake mwaka wa 1879. Alipoufanya Januari 1880, alifaulu kwa alama za juu kabisa. Kisha alirejea Paris kumfanyia kazi Linde katika kiwanda cha barafu, na baada ya mwaka mmoja hivi akawa mkurugenzi wake. Mwaka wa 1883 alimwoa Martha Flasche, na wakajaliwa watoto watatu. Mwaka wa 1890 alihamia Berlin pamoja na familia yake, huku wazo la injini likizidi kumkosesha usingizi.

Wazo la hewa kuzaa moto

Yeyote aliyewahi kujaza upepo kwenye gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto kadiri anavyopiga. Hewa ikigandamizwa, hupata moto. Diesel alijiuliza: je, ikigandamizwa mara nyingi zaidi ndani ya silinda, haiwezi kuwa moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe, bila cheche wala utambi?

Hiyo ndiyo tofauti kati ya injini yake na ile ya petroli. Injini ya petroli huvuta hewa pamoja na mafuta, kisha plagi hutoa cheche. Ile ya dizeli huvuta hewa peke yake, huishindilia hadi ikawa na joto la mamia ya digrii, halafu mafuta hunyunyizwa ndani na kuwaka papo hapo. Kadiri hewa inavyogandamizwa zaidi, ndivyo joto linavyogeuzwa kwa wingi kuwa kazi badala ya kupotea kupitia ekzosi.

Kutokana na wazo hilo, mambo matatu ni lazima yawepo: hewa safi na ya kutosha, silinda isiyovuja, na mafuta masafi yanayonyunyizwa kwa kipimo na kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, injini hugoma. Diesel aliyafahamu hayo kwenye karatasi. Kuyatimiza kwa chuma kulimchukua miaka minne ya mateso.

Februari 1893 alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, nchini Ujerumani. Mwaka huo huo alichapisha kitabu cha kueleza nadharia yake, na kwa msaada wa Heinrich von Buz, mkuu wa kiwanda cha mitambo cha Augsburg, pamoja na kampuni ya Krupp, akaanza kujenga injini ya kwanza.

Majaribio ya mwanzo yalikuwa ya kukatisha tamaa. Hewa ilivuja pembeni mwa pistoni, hivi kwamba mgandamizo uliopatikana ulikuwa mdogo kuliko ule aliokuwa amepiga hesabu. Mafuta yalipoingizwa kwa mara ya kwanza, Agosti 1893, yaliwaka kwa kishindo na kukipasua chombo cha kupimia shinikizo. Waliokuwa karibu waliponea chupuchupu. Mlipuko huo, hata hivyo, ulithibitisha kwamba hewa iliyoshindiliwa inaweza kuwasha mafuta.

Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Tatizo kubwa lililosalia lilikuwa la kunyunyiza mafuta. Pampu za enzi hizo hazikuweza kuyasukuma kwa nguvu ya kutosha, hivyo Diesel akalazimika kutumia hewa yenye shinikizo kubwa ili kuyapuliza ndani. Njia hiyo ilifaulu, lakini ilihitaji kompresa nzito iliyoifanya injini kuwa kubwa mno kubebwa na gari.

Hatimaye, Februari 17, 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini hiyo rasmi. Ilitoa nguvu za farasi zisizozidi 20, lakini iligeuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Hakuna injini nyingine ya wakati huo iliyokaribia kiwango hicho. Habari zilienea kote Ulaya na ng'ambo, na wenye viwanda wakapiga foleni kununua haki za kuiunda. Adolphus Busch, tajiri wa kutengeneza bia nchini Marekani, alilipa marki milioni moja ili kupata haki za nchi yake.

Wateja walalamika

Hapa ndipo kisa cha Diesel kinapofanana na masaibu ya kila mwenye gari. Injini iliyofanya kazi vizuri mbele ya maprofesa, ikiwa imezungukwa na mafundi bora wa Augsburg, ilikuwa kitu kingine kabisa ilipofika kwa mnunuzi wa kawaida.

Injini ya kwanza kuuzwa kibiashara ilipelekwa mwaka wa 1898 katika kiwanda cha viberiti mjini Kempten, Ujerumani. Ilikuwa na silinda mbili na nguvu za farasi 60. Nayo haikukosa hitilafu, na ilibidi wahandisi waihudumie kwa karibu. Kwingineko hali ilikuwa mbaya zaidi. Valvu zilishika, vinyunyizio viliziba, kompresa zikaharibika, na wanunuzi wakaanza kudai warejeshewe fedha zao. Kiwanda kipya kilichoanzishwa mjini Augsburg mwaka huo huo kwa ajili ya kuunda injini za Diesel peke yake hakikufanikiwa.

Isitoshe, mahasimu walimfikisha mahakamani wakidai kwamba uvumbuzi haukuwa wake, au kwamba injini iliyokuwa ikiuzwa haikulingana na maelezo ya hataza. Uingereza, mhandisi Herbert Akroyd Stuart alikuwa ameunda injini ya mafuta isiyotumia cheche miaka michache kabla, na hadi leo wapo wanaotaka sifa zigawanywe. Injini ya Akroyd Stuart, hata hivyo, ilitegemea chuma kilichopashwa moto, si mgandamizo mkubwa wa hewa kama ile ya Diesel.

Mwili na akili za Diesel zilishindwa kuhimili mzigo huo. Mwishoni mwa 1898 alilazwa kutokana na uchovu wa akili na maumivu ya kichwa, akawa nje ya kazi kwa miezi mingi.

Alipokuwa mgonjwa, injini yake iliokolewa na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye vituo vya mafuta. Imanuel Lauster, mhandisi aliyefanya kazi naye, pamoja na mafundi wenzake wa Augsburg, waliendelea kurekebisha kasoro moja baada ya nyingine. Walibuni upya vinyunyizio, wakaboresha ringi za pistoni na wakatafuta vyuma vilivyostahimili joto. Kampuni yao ndiyo iliyokuja kujulikana kama MAN, jina ambalo madereva wa malori wanalifahamu vyema.

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka wa 1900, injini ya dizeli ilitunukiwa tuzo ya juu. Mojawapo ya zilizoonyeshwa huko iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga, kufuatia ombi la serikali ya Ufaransa iliyotaka kujua iwapo makoloni yake yangeweza kujitosheleza kwa nishati. Mwaka wa 1912 meli Selandia ya Denmark ilisafiri hadi Bangkok ikitumia dizeli, na kuwadhihirishia mabaharia kwamba enzi ya makaa ya mawe ilikuwa ikielekea ukingoni.

Usiku wa mwisho

Sifa za Diesel zilipokuwa zikipaa, mfuko wake ulikuwa ukitoboka. Alikuwa amejenga jumba la kifahari mjini Munich na kuwekeza fedha nyingi katika mashamba, majengo na visima vya mafuta. Uwekezaji huo ulimtia hasara kubwa. Kufikia mwaka wa 1913 alikuwa mtu maarufu asiyeweza kulipa madeni yake.

Jioni ya Septemba 29 mwaka huo, aliabiri meli Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza kuhudhuria mkutano wa kampuni. Alikula chajio na wenzake wawili, wakatembea kidogo kwenye sitaha, kisha mwendo wa saa nne usiku akaenda chumbani mwake baada ya kuagiza aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Kulipokucha, kitanda chake kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilipatikana vimewekwa vizuri kwenye sitaha ya nyuma. Siku chache baadaye, mashua ya Uholanzi iliopoa maiti iliyokuwa imeharibika vibaya. Mabaharia walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni, na kuurudisha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya babake.

Kabla ya kusafiri, alikuwa amemwachia mkewe mkoba na kumtaka asiufungue hadi wiki iliyofuata. Ndani mlikuwa na fedha taslimu na hati zilizoonyesha kwamba akaunti zake za benki zilikuwa tupu. Wengi waliamini kwamba alijitoa uhai. Wengine walidai aliuawa na wafanyabiashara wa mafuta, au na majasusi kwa kuwa injini yake ilikuwa imeanza kutumiwa katika nyambizi za kivita. Hakuna dai lililowahi kuthibitishwa.

Kutoka kiwandani hadi kwenye pikapu

Diesel hakuwahi kuiona injini yake ikibeba mzigo barabarani kwa mafanikio. Mwaka wa 1908, alipokuwa na umri wa miaka 50, Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg walifika nyanda za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka wa 1912 kituo kilichokuwa kwenye Shamba Nambari 64 kilipewa jina la Eldoret. Mwaka uliofuata Diesel akafa, na mazao ya eneo hilo bado yalikuwa yakivutwa na ng'ombe.

Malori ya kwanza ya dizeli yalitokea Ujerumani katika miaka ya 1923 na 1924. Mwaka wa 1927 kampuni ya Bosch ilianza kuunda kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma mafuta, na ile kompresa nzito iliyomtesa Diesel ikawa haihitajiki tena. Mwaka wa 1936 Mercedes-Benz ikatoa gari dogo la dizeli, 260 D. Toyota Hilux, iliyoanza kuundwa Japani mwaka wa 1968, ilipata injini ya dizeli mwishoni mwa miaka ya 1970. Pikapu za Peugeot 504, Isuzu na Nissan nazo zikajipatia umaarufu kwa wakulima na wachuuzi wa Kenya.

Yale mambo matatu, hata hivyo, hayajabadilika.

La kwanza ni hewa. Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Injini isiyo na turbo hupungukiwa na pumzi, hasa ikiwa imepakia magunia na kupanda mlima. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara za mashambani huzidisha dhiki hiyo, na dalili yake ni moshi mweusi. Wengi hukimbilia kulaumu pampu, kumbe filta ndiyo iliyoziba.

La pili ni silinda isiyovuja. Oili isiyobadilishwa kwa wakati hula ringi na kuta za silinda, mgandamizo hupungua, na gari huanza kusumbua kuwaka wakati wa baridi ya asubuhi. Moshi wa buluu huashiria kwamba oili inaungua ndani. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata joto huenda ukamaanisha kwamba mafuta hayaungui ipasavyo, au kwamba maji yanapenya kupitia gasketi.

Kuhusu maji, kunayo mazoea ya baadhi ya mafundi kuondoa thamostati pindi gari linapochemka. Hatua hiyo huficha ugonjwa badala ya kuutibu. Injini ya dizeli inayoendeshwa ikiwa baridi hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, ilhali rejeta iliyoziba hubaki vilevile.

La tatu, na ndilo linalogharimu zaidi, ni mafuta yenyewe. Katika pikapu za kisasa, pampu husukuma dizeli kwa shinikizo linaloweza kuzidi mara 1,500 ya lile la hewa inayotuzunguka, kupitia matundu membamba mno. Tone la maji au chembe ya mchanga kutoka kwenye pipa la shambani vyatosha kuharibu nozeli. Ndiyo maana ni busara kumwaga mara kwa mara maji yanayokusanyika chini ya filta, na kutumia filta halisi hata kama ile ya bandia ni nafuu.

Dizeli pia ndiyo inayolainisha pampu. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ulaini huo hupungua na vyuma husagana. Wafanyabiashara walaghai waliwahi kuufanya mchanganyiko huo kwa wingi nchini, hadi mwaka wa 2018 serikali ilipotoza mafuta ya taa ushuru maalumu wa Sh18 kwa lita ili kuwazima. Mwaka wa 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kuanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo, hatua iliyozifaa injini mpya na mapafu ya wananchi.

Na wale wanaosikia kwamba injini ya mwaka wa 1900 iliendeshwa kwa mafuta ya karanga wasishawishike kumimina mafuta ya kupikia katika tangi. Injini ile ilikuwa kubwa na yenye mwendo wa polepole. Nozeli za leo zingeganda kwa utando.

Mwenye pikapu akiuliza kwa nini gari la jirani yake limehudumu miaka 20 ilhali lake limefunguliwa injini mara mbili, huenda jibu liko katika kisa hiki. Ubora wa wazo haukutosha kuiokoa injini ya Diesel mwaka wa 1898, wala jina la kampuni halitoshi kuiokoa pikapu leo. Iliokolewa na Lauster na wenzake, waliokubali kuichunguza kila siku, wakaziba kila uvujaji wakati ungali mdogo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Rudolf Diesel alikufa kabla ya kuona ukuta wake ukikamilika, lakini kila fundi anayepangusa filta kwa uangalifu anaongeza tofali juu yake.